Ngazi za Nyumba Zetu: Pambo au Sitara?

Ndugu msomaji, katika Sura ya Zukhruf, aya ya 33, Mwenyezi Mungu ametaja ngazi. Wengi wetu huisoma aya hiyo tukapita. Maana yake kwa ufupi ni kwamba, lau si kuchelea watu wasije wakawa kaumu moja katika ukafiri, basi hao wanaomkufuru Mwingi wa Rehema wangefanyiwa nyumba zenye dari za fedha, na ngazi za kupandia. Aya mbili zinazofuata zinataja milango na vitanda na mapambo, khalafu zinabainisha kwamba yote hayo si chochote ila starehe ya maisha ya dunia. Nimeisomesha aya hii chuoni kwa miaka mingi, na takriban kila mwaka hutokea mwanafunzi akauliza: Mwalimu, dari ya fedha tumeifahamu, na kitanda cha fakhari tumekifahamu, lakini ngazi imeingiaje humo? Si kitu cha kukanyagwa tu? Zamani nilikuwa nikiwajibu kwa maneno ya wafasiri. Siku hizi nawaambia watoke nje wakatazame majumba yanayojengwa.

Kwani ngazi leo imekalishwa katikati ya nyumba kama bibi harusi siku ya kuonyeshwa. Kijana akitaka kujenga huja na picha aliyoiona katika simu yake, au katika vitabu vya wauza vifaa vya ujenzi. Iko ngazi inayoitwa ya kuelea, ambayo vidato vyake ni mbao au mawe yaliyochomekwa ukutani upande mmoja, upande wa pili ukaachwa hewani, na baina ya kidato na kidato hapana kitu, waona mpaka ng'ambo. Iko iliyozungushiwa vioo badala ya reli. Iko ya chuma, inayozunguka nguzo moja kama konokono. Na zote hizo, ziwe za namna gani, picha huzionyesha mahali pamoja: zinaanzia ndani ya ukumbi wa wageni, na juu ya ukumbi huo dari imeachwa wazi kimo cha ghorofa mbili, ili aliyeketi kitini aione ngazi yote tangu kidato cha kwanza mpaka cha mwisho, na amwone kila anayepita juu yake.

Sisemi kwamba picha hizi ni mbaya kwa macho. Nyingine ni nzuri kweli, na fundi aliyeweza kuchomeka kidato ukutani kikabeba mtu mzima bila ya kutikisika anastahiki sifa. Ndani ya ukuta ule mna chuma na hesabu isiyoonekana. Neno langu ni jingine. Picha hizi hazina watu. Hamna mzee ndani yake, hamna mtoto anayetambaa, hamna mwanamke aliyebeba sinia la chai, hamna mgeni aliyeketi. Na nyumba ya Muislamu ina wote hao, tena kwa wakati mmoja.

Mwaka 2022 nilialikwa kusoma khitma katika nyumba mpya ya kijana mmoja niliyemsomesha, hapa Mombasa, nje ya Mji wa Kale. Jina lake halina haja. Nyumba ilikuwa kubwa, yenye ghorofa moja juu, na ngazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuelea, ya mbao nyekundu na vioo, imepanda kutoka katikati ya ukumbi. Tuliketi wanaume kiasi cha thelathini juu ya mazulia, migongo yetu ukutani na nyuso zetu ngazini, kwani hapakuwa na pengine pa kuelekea. Wanawake walikuwa juu. Jiko lilikuwa chini. Basi fahamu mwenyewe yaliyokuwa: kila kilichotakiwa juu kilikuwa chini, na kila aliyetakiwa chini alikuwa juu. Tulipokuwa katikati ya Yasini nikamwona binti amefika kidato cha juu na birika tupu mkononi, akatuona, akarudi. Akaja tena, akarudi. Mara ya tatu akashuka, hana budi, na wanaume thelathini wakainamisha vichwa, kila mmoja akatazama zulia kama anayehesabu nyuzi zake. Alhamdulillahi waliinamisha. Lakini binti yule alikuwa akishuka vidato visivyozibwa, juu ya vichwa vya watu waliokaa chini, na buibui lake alilikusanya kwa ule mkono ambao ungemfaa kushikia reli.

Baada ya dua mwenye nyumba akaniuliza, "Mwalimu, nyumba umeionaje?" Nikamwambia, "Mungu aibariki, mwanangu." Sikuongeza. Nilijiambia kwamba siku ya furaha si siku ya kutoa ila, na hilo ndilo kosa langu mimi katika kisa hiki, kama utakavyoona mbele.

Tazama sasa wazee wetu walivyoipanga ngazi. Ukienda Lamu, katika nyumba za mawe za kale, utafika kwanza darini mwa kizingiti, yaani daka, lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba huzungumza na watu wa njiani. Ukiruhusiwa kupita mlango utakuwa tekani, na njia ya kutoka hapo hupindwa makusudi, ili mlango ukiachwa wazi mpita njia asikione kiwanda wala waliomo. Katika nyumba nyingi za namna hii ngazi huanzia hapo hapo karibu na mlango, kabla hujaingia ndani kwenyewe. Maana yake ni kubwa. Mgeni anayepandishwa juu hupanda bila ya kupita walipo watu wa nyumba, na anayekaa juu huingia na kutoka bila ya kumpitia wa chini. Ngazi ilifungwa baina ya kuta mbili, na aghlabu ilikunja kona, kwa hivyo aliye chini alimsikia anayeshuka kabla ya kumwona. Wazee walikuwa wakikohoa wakifika kwenye kona ile. Kikohozi kile hakikuwa cha maradhi, kilikuwa hodi.

Tena watu wa Lamu walizidi. Nyumba mbili za jamaa zikikabiliana njiani, waliziunga huko juu kwa wikio, chumba kama daraja kinachopita juu ya njia, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Watu hutoka mbali kuja kuzipima nyumba hizi na kuzichora kidato kwa kidato; na sisi wenyewe twaagiza picha kutoka huko watokako.

Walakini tusiwe watu wa kusifu kila cha kale. Ngazi nyingi za zamani zilikuwa mateso. Boriti za mikoko ndizo zilizokuwa zikiamua upana wa vyumba, na ngazi ikapewa nafasi iliyobaki, hata ikasimama kama ukuta. Nyumba niliyokulia mimi ilikuwa na vidato ambavyo mtoto alivipanda kwa magoti, kiza mchana kama usiku, na pa kushikia ni kamba ya makumbi iliyofungwa juu. Shangazi yangu alianguka humo na ndoo ya maji, akavunjika nyonga, na hakutembea tena mpaka alipokufa. Kwa hivyo sitaki mtu aniambie nataka kuirudisha ngazi ile. Ninalosema ni kuwa wazee walikosea vipimo lakini hawakukosea mahali. Sisi vipimo tumekwisha fundishwa, tena viko vitabuni, na mahali ndipo tulipopapoteza.

Na jambo hili si ada ya pwani tu. Katika Sahihi Muslim mna hadithi ndefu ya Sayyidna Umar (R.A.), wakati zilipovuma khabari kwamba Mtume (S.A.W.) amewaacha wakeze, naye alikuwa amejitenga nao mwezi mmoja katika chumba cha juu. Ngazi ya chumba hicho ilikuwa gogo la mtende lililochongwa. Umar alipofika alimkuta Rabah, mtumishi wa Mtume, amekaa kizingitini, miguu imening'inia juu ya gogo lile. Umar ni baba wa Bibi Hafsa, yaani ni mkwe, tena ni Umar. Hata hivyo hakupanda. Alimwomba Rabah amtakie ruhusa. Rabah akatazama chumbani, akamtazama yeye, akanyamaza. Akaomba tena, na tena, mpaka akaashiriwa apande. Na mwishoni Umar anasimulia kushuka kwao: yeye alishuka hali ya kulishikilia gogo, na Mtume (S.A.W.) akashuka kama anayetembea juu ya ardhi, bila ya kuligusa kwa mkono.

Mimi hujifunza mawili hapo. La kwanza, kwamba ngazi ile ya gogo, ambayo leo hapana fundi atakayekubali kuichonga, ilikuwa na mtu wa kuulizwa, na haikupandwa hata kwa macho bila ya ruhusa. La pili, kwamba Umar, pamoja na nguvu zake zilizojulikana na kila mtu, hakuona haya kusema kuwa alishika. Ngazi isiyo na pa kushika imejengwa na mtu asiyefikiri kwamba atazeeka.

Mtume alipohamia Madina alifikia kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), ambaye nyumba yake ilikuwa na chini na juu. Mtume alikaa chini. Abu Ayyub akaona uzito yeye na mkewe kutembea juu ya kichwa cha Mtume wa Mwenyezi Mungu. Imepokewa pia kwamba usiku mmoja mtungi wao wa maji ulivunjika huko juu, wakayafuta maji kwa blanketi lao, hawana jingine, wasije wakamdondokea. Basi akamwomba apande yeye. Mtume alikuwa amemweleza kwamba chini ndiko kwepesi, kwake na kwa wanaomjia. Baadaye akamkubalia kwa ajili ya moyo wake. Ukiitafakari khabari hii utaona kwamba swali la nani akae juu na nani akae chini, na nani asikilize nyayo za nani, ni swali la adabu. Hawakuliachia fundi.

Kisha kuna Sura ya Nur. Aya ya 27 inakataza kuingia nyumba za wengine bila ya ruhusa na salamu. Aya ya 58 inaamrisha hata watumishi na watoto wa nyumbani wasiobaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Na katika hadithi sahihi ya mtu aliyechungulia chumbani kwa Mtume (S.A.W.) kupitia tundu, sababu ya kuwekwa ruhusa imetajwa wazi, nayo ni macho. Si miguu. Basi mgeni uliyemkaribisha ukumbini umemruhusu ukumbini. Ngazi iliyo wazi mbele yake imekwisha yapandisha macho yake mpaka milango ya vyumba vya kulala, na yeye hana kosa, kwa sababu wewe ndiye uliyemkalisha hapo ukamwelekeza.

Wapo watakaojibu kwamba ngazi ya ukumbini ina faida: mzazi huona nani anapanda na nani anashuka, kijana haingii usiku akajificha. Ni kweli kiasi. Lakini mzazi anayetaka kujua saa anayorudi mwanawe hahitaji kuwafungia binti zake juu kila akija mgeni wa kiume. Wengine husema wanataka mwanga. Mwanga ni neema, na kiza cha ngazi zetu za kale tumeshakitaja. Lakini mwanga huletwa kwa dirisha la juu, au kwa ukuta wa kimia ambao wapitisha mwanga na upepo na hauonyeshi mtu. Kimia ni kazi ya mafundi wetu tangu zamani, wala hakihitaji kuagizwa.

Ama vipimo, si siri. Katika karne ya 17 Mfaransa mmoja, François Blondel, aliandika kanuni ambayo mafundi wangali wakiitumia: kimo cha kidato mara mbili, ukiongeza na upana wa pa kukanyagia, upate kiasi cha hatua moja ya mtu. Kwa vipimo vya leo huwa ni baina ya sentimita 60 na 65. Kidato cha kimo cha sentimita 17, chenye pa kukanyagia sentimita 29, kinatoa 63, na mzee atakipanda bila ya dhiki. Chukua sasa ghorofa yenye kimo cha mita 3. Vidato vya namna hiyo vitakuwa 18, na ngazi iliyonyooka itataka karibu mita 5 za sakafu. Mchora ramani anayetaka ukumbi uonekane mpana huona mita hizo ni nyingi, basi huvipandisha vidato mpaka sentimita 20, vikawa 15, na pa kukanyagia akapabana mpaka sentimita 23. Hesabu ya Mfaransa bado yatoa 63. Ameokoa zaidi ya mita moja na nusu, lakini ncha ya wayo wa anayeshuka imebaki hewani. Dawa si hiyo. Ngazi ikikunjwa katikati, ikawekwa pumziko, urefu wake hupungua kiasi cha nusu, ijapokuwa itataka upana zaidi, na mzee hupata pa kuvuta pumzi.

Liko na jambo dogo ambalo waashi hulisahau sana. Vidato vyote vya ngazi moja sharti viwe sawa sawa. Mguu hauangalii, mguu hukumbuka. Ukishapanda viwili vitatu umekwisha jua kimo, na kidato kimoja kilichozidi au kupungua ndicho kitakachokuangusha. Aghlabu kosa huwa chini kabisa au juu kabisa, kwa sababu ngazi hupimwa kabla ya kuwekwa marumaru, na unene wa marumaru haukuhesabiwa. Na hayo marumaru yenyewe, yakisuguliwa yakang'aa kama kioo, mfikirie mtu aliyetoka kutawadha anashuka kwenda msikitini na miguu ina maji.

Kuhusu watoto, reli zisiachane zaidi ya sentimita 10, kwani kichwa cha mtoto mdogo hupenya palipo mwili wake umepenya, na kisha hakirudi. Vidato visivyozibwa ni mtego huo huo uliolazwa. Mzee asiyeona vizuri navyo humchanganya: hajui ukomo wa ubao ni wapi na hewa inaanzia wapi. Abu Daud amepokea hadithi inayomtahadharisha anayelala usiku juu ya dari lisilo na kizuizi, kwamba dhima imemwondokea. Wanavyuoni hawakuona kwamba kizuizi cha dari ni jambo dogo lisilofaa kutajwa dini ikitajwa. Ama vioo, vikiwa vya namna ngumu isiyopasuka vipande vya kukata, vinazuia kweli, siwezi kuvikataa. Ila katika hewa yetu ya chumvi, na vidole vya watoto, hutaka kufutwa kila siku, na aliyevichagua mara nyingi si yeye anayevifuta.

Na ngazi ya konokono? Waislamu si wageni nayo. Mnara wa Samarra huko Iraki, uliojengwa karne ya 9, njia yake inazunguka kwa nje mpaka kileleni, na mnara wa msikiti wa Ibn Tulun wa Kairo una ngazi ya kuzunguka nje pia. Huko ndiko mahali pake. Mnara hupandwa na mwadhini mmoja, na hana alichobeba ila sauti yake. Nyumbani watu hubeba magodoro, na watoto waliolala, na wagonjwa.

Na maiti. Nimefika nilipokuwa nikipakwepa.

Kijana yule alikuwa akikaa na mama yake. Vyumba vyote vya kulala vilikuwa juu. Chini palikuwa na ukumbi, jiko, na chumba cha gari. Mama alikuwa na umri mkubwa na macho mafifi, na ngazi ile akiiita jahazi, kwa sababu akiikanyaga aliona inakwenda naye. Alipohamia alishuka mara chache, ameshikwa huku na huku. Baadaye akaacha. Miezi minane ya mwisho wa uhai wake hakushuka hata mara moja. Jirani zake wa Mji wa Kale walipokuja kumzuru, wazee wenzake walimwamkia kutoka chini, naye akawajibu kutoka juu, wakilia huku wakicheka. Alizoea kukaa kwenye kiti nyuma ya kile kioo, akitazama maisha ya nyumba yanavyopita huko chini, kama mtu aliye melini.

Alifariki mwaka 2024, Mungu amrehemu. Wanawake walimwosha na kumkafini huko juu. Jeneza likaletwa, na hapo ndipo tulipotambua. Jeneza hubebwa na watu wanne, wawili wawili, na ngazi ilikuwa na upana wa mtu mmoja na nusu, upande mmoja ukuta, upande wa pili kioo ambacho hapana aliyethubutu kukiegemea. Tukajaribu kulipandisha likiwa tupu, halikupinda pale juu. Ikabidi jeneza libaki ukumbini, na maiti ateremshwe katika mkeka, abebwe na wanawe watatu na ndugu yake. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume. Mwanamke ambaye katika maisha yake hakutoka nje bila ya buibui alikuwa sasa ateremshwe katikati ya macho ya watu, juu ya ngazi iliyojengwa ili kila kinachopita juu yake kionekane. Niliwaomba wanaume watoke barazani wote, wakatoka, Mungu awalipe. Mimi nikasimama mlangoni nimewapa mgongo, nikawa nawasikia wale vijana wakihesabu vidato kwa sauti, mmoja akisema "bado, bado," na mwengine analia.

Pale ndipo nilipolikumbuka swali lake la siku ya khitma, na jibu langu. Ningeweza kumwambia. Angekuwa na miaka miwili ya kutengeneza.

Wengi hujitetea kwamba mchora ramani ndiye aliyeamua. Ndugu yangu, mchora ramani hakai humo. Yeye huulizwa na hujibu, na usipomwambia kuwa una mama, atakuchorea nyumba ya mtu asiye na mama. Akina dada nao waniwie radhi, lakini katika nyumba nyingi nilizozijua picha ya ngazi ililetwa na wao, na wao ndio wanaofungika juu siku ya wageni. Ama wanaokaa majumba ya kukodi, ambayo ngazi ni moja ya watu wote, hao hawana khiari ya kuijenga. Wao wanayo khiari ya kutoijaza viatu na mitungi ya gesi, ya kupisha wanawake, na ya kukohoa kwenye kona.

Miezi miwili baada ya maziko kijana yule alinijia nyumbani. Safari hii sikuficha neno. Alitaka kuibomoa ngazi yote, nikamzuia, kwani huo pia ungekuwa uharibifu wa mali. Fundi aliziba nafasi za vidato kwa mbao, akaongeza reli ya kushikia upande wa ukutani, akasimamisha kimia cha mninga kuanzia sakafuni mpaka juu baina ya ngazi na ukumbi, na kufungua mlango mdogo upande wa jiko, ili anayeshuka atokee jikoni. Chumba cha gari kikageuzwa chumba cha kulala, na choo chake, na sasa anakaa humo mama yake mkubwa, dada wa marehemu. Gari linalala nje.

Nimekwenda kuitazama. Vioo bado vipo nyuma ya kimia. Kidato cha chini kabisa ni kifupi kuliko wenzake kwa vidole viwili, kwa sababu ya marumaru yaliyowekwa baada ya ngazi kwisha. Mimi mwenyewe kilinikwaza. Fundi ameahidi kukirekebisha baada ya Ramadhani.